Mnaowaambia madogo kwamba wenye magari makali wana miaka 25, mmeniharibia mdogo wangu

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa foreksi (ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni), mi sijaja kujadili foreksi, nimekuja kulalamika na nina hasira kwelikweli.

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, huu mwaka wa 11. Magari makali yanayopita mikononi mwangu kwa mwaka hayafiki hata 10, mengi ni IST, Crown, Harrier na Noah kama kawaida yetu, ila hayo machache makaratasi yake nashika mimi, kwaiyo najua limeandikwa jina la nani na kazaliwa mwaka gani. Sijawahi kutoa hata moja la mtu wa miaka 25. Kuna mzee wa malori ana 61. Kuna mama ana maduka ya vifaa vya ujenzi, 54. Kuna jamaa kakaa Muscat miaka ishirini karudi na mvi zake. Kijana nilimpata mmoja tu, 33, na siku ya kulipa ushuru alikuja na baba yake, aliyelipa ni baba.

Tena huyo mzee wa malori ndo ananichekeshaga, kashusha chuma ya maana, kaipeleka Mbezi kaifunika turubai, akija mjini anakuja na Hilux ina tope mpaka kwenye vioo. Nikamuuliza mzee mbona huitumii akasema "naitoa Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, mgongo wangu hautaki zaidi ya hapo."

Sasa njoo kwa dogo. Mdogo wangu ana miaka 26, alikuwa kaajiriwa Mikocheni huko analipwa laki nane na nusu, sio haba, kima cha chini serikalini chenyewe ndo kwanza kimefika laki tano mwaka 2025 kutoka 370,000. Kapanga chumba na sebule Tabata, mzee kabla hajafariki alimwachia kiwanja Kigamboni. Maisha yanakwenda. Mwaka jana akaanza kwenda kwenye semina za jamaa mmoja, jina silitaji, mwalimu wa foreksi, ada laki tatu na nusu kwa siku mbili, na mwisho wa semina wote wanatoka nje kupiga picha na gari la mwalimu. Gari jeusi, milango miwili, linanguruma. Mwalimu anawaambia ana miaka 27 na hilo ni la pili, na kwamba wenye magari kama hayo duniani siku hizi ni vijana wa umri wao, wazee wameshapitwa.

Kuna slaidi kabisa ilikuwepo, dogo alinitumia picha yake kama ushahidi: "asilimia 40 ya wenye Ferrari ni vijana." Nikasema ngoja, hii imetoka wapi, nikaenda kutafuta. Aliyesema ni bosi wa Ferrari mwenyewe, Benedetto Vigna, 2025, na alichosema ni kwamba asilimia 40 ya wateja WAPYA wako chini ya miaka 40. Wapya, wakuu. Na Ferrari sehemu kubwa ya magari yao wanawauzia watu ambao tayari wanayo mengine nyumbani, huyo mteja mpya mwenyewe ni wa kuhesabu. Halafu chini ya 40 maana yake hata mwenye 39 na watoto watatu yumo, wakati kwa sera yetu hapa ujana unaishia 35. Na mwaka 2024 mzima walitoa magari 13,752. Dunia nzima! Leo mtu kasimama kwenye ukumbi Sinza ana vijana sitini mbele yake anawaambia hiyo ndo safari yao.

Na zile video za vijana wa Marekani na Uingereza wanazoonyeshwa, kule magari mengi yanachukuliwa kwa mkopo wa miaka kadhaa, Marekani wengine mpaka saba, mtu anapiga picha na kitu cha benki. Wa kwetu wanaoenda Dubai ndo kabisa, unakodi Lamborghini siku moja, unabadilisha mashati manne, una picha za miezi sita.

Haya. Dogo kauza kiwanja. Hakuniambia, mimi kakaake niko bandarini nimejaa tele, kanipita akaenda kwa wakala mwingine kwasababu alijua ningemkataza. Kaagiza gari Japani, ya Mjerumani, milango miwili, ya mwaka 2008, injini cc 3200. Bei ya huko kaiona kwenye simu akaona mbona rahisi. Ni rahisi kwasababu wenyewe wameshaichoka!

Nawawekea hesabu, maana kila wiki humu anatokea mtu anauliza. TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani yao kwenye mfumo, risiti yako ya Japani kaa nayo. Tuseme wameithaminisha milioni 12 mpaka inafika bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 3, tuko 15. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 2000 ni asilimia 10, na kwasababu gari imezidi miaka 10 unaongezewa 30 ya uchakavu, jumla 40 ya ile 15, milioni 6, tuko 21. VAT asilimia 18 juu ya hiyo 21 ni milioni 3 na laki 7 na elfu 80. Kodi peke yake milioni 12.78, imezidi gari lenyewe, na hapo sijaweka tozo ya reli na vikorokoro vingine. Dogo alikuwa kabajeti kodi milioni 5. Kwa nini 5? Eti mwalimu alimwambia.

Kilichopungua akaenda kukopa kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Na ninyi mnawajua.

Gari ikatoka. Siwezi kuwa mnafiki, ilikuwa nzuri, hata mimi nilipiga nayo picha. Wiki ya pili bi mkubwa kaja kutoka Morogoro, dogo akaenda kumpokea stendi ya Magufuli kwa mbwembwe. Kwanza mzigo haukuingia nyuma, mama akapakata kikapu cha maembe na ndoo ya mafuta ya alizeti mapajani, dashibodi yote ya ngozi ikala mafuta. Halafu wameingia mtaani Tabata kwenye yale matuta ya wananchi, gari ikiwa na watu wawili inagusa chini. Dogo akamwomba mama ashuke, avuke tuta kwa miguu, apande tena. Tuta la kwanza mama kashuka. La pili kashuka. La tatu kaweka kikapu chini akasema "mwanangu, hata bajaji haijawahi kunishusha," akamalizia kwa miguu na gari inamfuata nyuma taratibu, watoto wa mtaa wanashangilia. Tulicheka sana siku ile, leo sicheki.

Maana mwezi wa tatu taa ya injini ikawaka. Fundi akachomeka mashine yake, kikatoka kifaa ambacho hapa mjini hakipo, kinaagizwa, milioni 2 na laki 4 bila ufundi. Hapo tenki inakula lita 60, petroli wakati huo ilikuwa karibu elfu 3 lita, fanya mwenyewe. Bima kubwa kwa gari ya milioni 30 ni asilimia 3.5, milioni 1 na elfu 50 kabla ya VAT, mshahara wake wa mwezi haufiki. Marejesho ya kausha damu kila Ijumaa. Kazini akaanza kuchelewa, akaanza kukopa wenzake, mwezi wa tano wakaachana naye. Gari iko gereji mpaka leo, rimu zimeota kutu pembeni, kuna kuku wa fundi analala juu ya boneti.

Ila kilichonifanya nije kuandika ni hiki. Mwezi uliopita nimeenda harusi ya mfanyakazi mwenzangu, maharusi wameshuka kwenye gari jeusi, milango miwili, linanguruma. Nikaliangalia nikasema hili nalijua. Rimu ya nyuma kushoto ina mkwaruzo kama herufi ya C, mkwaruzo huo nauona kwenye picha ya dogo ya semina, ameiweka mpaka kwenye fremu. Nikamfuata dereva, tukaongea vizuri tu, nikamnunulia soda. Anasema gari ni la mzee mmoja mfanyabiashara wa mabati, linakodishwa harusi wikiendi, na siku za kati kuna "mwalimu" analichukua kwa masaa manne manne. Nikamuuliza mzee ana umri gani, akasema kastaafu mambo mengi, 60 na kitu.

Kwaiyo dogo kauza kiwanja cha baba kwa kuangalia gari la babu wa watu.

Mnaotaka kuniambia "dogo ni mtu mzima" nakubali, na nimeshamgombeza mpaka nimechoka. Ila kusimama mbele ya watoto wa watu na kudanganya umri na kudanganya hela huku unawachukulia laki tatu na nusu kila kichwa, sijui tuuite nini. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, 2018 walitoa takwimu kwamba kwenye biashara hizo za CFD, yaani kubashiri bei ya kitu bila kukimiliki, foreksi ikiwemo, asilimia 74 mpaka 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza hela. Hiyo slaidi mbona hana?

EDIT: Mnaokuja PM kuulizia gari, dogo anasema hashuki chini ya milioni 25. Mi nimemwambia akipata 9 amshukuru Mungu.

EDIT 2: Mwalimu kapost jana usiku, gari jipya, safari hii jeupe, kaandika "kwa juhudi zangu." Nimevuta picha nikaangalia kitasa cha mlango, kimebaki kipande cha utepe wa pinki.