Mrejesho: mbwa wangu aliyekuwa akijikuna

Niliuliza kuhusu mbwa wangu, huku Arua, Uganda, aliyekuwa akijikuna na kulamba nyayo hadi manyoya yakawa ya kahawia, masikio yananuka. Asanteni wote. Daktari wa mifugo alianza na dawa ya viroboto, kisha, ili kujua kama ni mzio wa chakula, akaagiza wiki 8 za nyama ya sungura na viazi vitamu tu. Hata mfupa wa jirani marufuku (watoto ndio walikuwa kazi!). Kipimo cha damu alikikataa, kwamba hakiaminiki kwa mzio wa chakula. Masikio yakakauka. Kisha tukarudisha vyakula vya zamani kimoja kimoja. Tukamrudishia mukene (dagaa): salama. Tukarudisha nyama ya ng'ombe: siku ya pili tu makwapa mekundu, usiku kucha anajikuna. Basi ng'ombe ndiye. Maziwa bado, tunasubiri ngozi itulie.