Kashi-kashi ni muchezo ao ni fujo?

mama_wa_himbi (Goma):
Jambo yenu bote. Niko na ulizo juu ya neno moja, naomba bale banajua Kiswahili ya kwetu na ile ya Tanzania banisaidie. Niko naandika hadisi kidogo ya batoto, ya kubasomea siku ya Mungu kisha misa. Kichwa ya hadisi niliweka "Kashi-kashi nyuma ya nyumba". Ni batoto batatu, mumoja anajificha nyuma ya mawe nyeusi ya volkano yenye papa yake alilundika ya kujenga ukuta, benzake banamutafuta mpaka jua inazama. Ni ile tu. Nikatumia mudogo wangu mwenye aliolewa Dar es Salaam aisome mbele yangu sijaichapisha, na mbele hata ya kuisoma yote akaniandikia: "Yaya, kashkash ya nini tena, nani kawagombanisha hawa watoto?" Nikabaki kushangaa. Kumbe kule kashkash ni taabu, misukosuko, vuta nikuvute! Mimi tangu nazaliwa, ukisikia "tucheze kashi-kashi" unakimbia kutafuta pa kujificha, hakuna mutu anafikiri vita. Sasa nitoe neno yetu? Na mu Kiswahili ya kitabu ule muchezo unaitwa namna gani?

mwalimu_kadutu (Bukavu):
Mama, neno yako haina kosa. Hizi ni maneno mbili, zinafanana ku masikio tu. Ya kwetu inatoka mu Kifaransa, cacher ni kuficha, cache-cache ni ule muchezo, na kwa sababu Kiswahili yenyewe inapenda kurudilia (polepole, mbiombio, chapuchapu) iliingia mu kinywa ya batu bila shida yoyote.

Mudogo wako alipotea ku kichwa juu ile kichwa haina "kucheza". Kashi-kashi yetu inatembea na kucheza, karibu kila mara. Na haikubakia kwa batoto. Mutu anakopa feza zako, siku ya kulipa simu imezimwa, unafika kwake bibi yake anasema ametoka sasa hivi, na viatu yake unaviona ku mulango: tunasema anacheza na mimi kashi-kashi. Moto (umeme) inakuja dakika kumi, inaenda, inarudi usiku wakati umekwisha kulala, tunasema moto inacheza kashi-kashi. Mutanzania yeye anasema "kashkash za maisha", ao "wako kwenye kashkash". Weka kucheza mbele yake na maana inajionyesha.

Mu kamusi utakuta kibe, ni mchezo wa watoto wa kujificha na kutafutana. Ni neno ya Kiswahili safi na naipenda, lakini uliza batoto ishirini ya Kadutu kibe ni nini, batakuangalia tu. Na nakuomba jambo moja, usiandike "muchezo wa kufichana" vile nimeona mu kitabu fulani. Kufichana ni kunyimana habari, njo maana batu banasema "tusifichane" wakati banataka ukweli itoke. Mutoto mwenye kujibana nyuma ya mawe anajificha, ni ji- ile njo inabeba maana yote.

wa_katuba (Lubumbashi):
Huku pia ni kashi-kashi, tangu niko mutoto na sasa niko na bajukuu. Mumoja anaweka uso ku muembe, anafunga macho, anahesabu mu Kifaransa hata kama hajaanza masomo, kisha anapandisha sauti: Saye? (ni Kifaransa, ça y est, ni kusema tayari?) Nasi: Bado! Hapo njo ujanja ilikuwa, juu ile "bado" inamuonyesha uko upande gani, kwa hiyo unajibu ungali unakimbia kisha unageuka upande ingine. Pahali ya kujificha ya maana ilikuwa kichuguu. Kwetu parsele (kiwanja ya nyumba) mingi ilikuwa na kichuguu yake, ingine inapita nyumba kwa urefu, na batu bakubwa balikuwa banachimba ule udongo kufyatua matofali, kila mwaka kichuguu inapunguka na siye tunapoteza pa kujificha. Nyumba zilijengwa, sikatai. Lakini ile mwaka ya mwisho ilibakia kisiki tu, kichwa ya mutoto ilikuwa inaonekana.

Mama usitoe neno. Batoto benye utasomea ni ba Goma.

mukongo_wa_kigoma:
Mimi ni mtu wa Uvira, naishi Kigoma miaka mingi. Mwalimu amesema kibe, sawa, ila mitaani huku watoto wengi watakwambia kombolela, nisingependa dada aiweke kwa haraka. Ndani ya kombolela unasikia kukomboa, na mchezo wenyewe uko hivyo: anayetafuta akishawapata wenzako, wewe uliyebaki mafichoni ukichomoka ukafika kwenye kituo kabla yake unawakomboa wote, na yeye maskini anaanza kuhesabu upya. Ndiyo sababu yule wa mwisho kuonekana anashangiliwa kama shujaa. Hadithi yako ina mtoto mmoja anayetafutwa mpaka giza, hakuna wa kumkomboa mtu. Ukiandika kombolela mtoto wa Dar atakaa anasubiri nani atatoka mbio, na hatatoka mtu.

mama_wa_himbi (Goma):
Asanti sana bote, mwalimu asanti, na ndugu wa Kigoma, ile ya kombolela singejua hata kidogo. Naacha kashi-kashi ibakie. Kichwa sasa ni "Tulikuwa tunacheza kashi-kashi", na mustari ya kwanza mumoja amefunga macho anahesabu. Nilirudilia kumutumia mudogo wangu hii asubui, akasema "aaa, kumbe wanajificha", akaisoma mpaka mwisho.

Muzee wa Katuba, na ruhusa yako nilichukua ile "Saye?" na "Bado!". Jua imezama, benzake banaita mara ya mwisho, na kule nyuma ya mawe kasauti kadogo kanajibu bado.