Mtaa wa maduka wa mita 12 karibu na ikweta: baraza, miti au uwazi?

Kipimo: Wakuu, mtaa wa maduka, mita 12 ukuta hadi ukuta, umelala mashariki–magharibi karibu na ikweta, mvua kubwa. Majengo yana kimo cha mita 7. Mteja ameshika picha za Strøget, mtaa wa maduka wa waenda kwa miguu huko Copenhagen, Denmark, anataka uwazi ule ule, pasiwe na paa wala mti. Nimjibu kwa hesabu gani?

Mzingo: Strøget ilifungiwa magari 1962, na kule watu hulifuata jua. Kwako watalikimbia. Juni na Desemba, saa sita mchana, ukuta wa mita 7 hutupa kivuli cha mita 3 hivi: Juni upande wa kaskazini wa mtaa, Desemba upande wa kusini. Machi na Septemba ndiyo balaa, jua linaufuata mtaa wote toka macheo hadi machweo na saa sita liko utosini. Ukuta hausaidii kitu.

Ezeka baraza pande zote mbili, kama mpango wa Raffles, Mwingereza mwasisi wa Singapore ya kikoloni, ulivyoagiza huko mwaka 1822. Kina mita 2.5, ukingo wa paa mita 2.8 kutoka sakafuni. Wachoraji hupenda kuupandisha hadi 4 ili papendeze. Mvua ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, kwa ukingo wa mita 4 inaingia mita 2.3, yaani karibu baraza lote, kwa 2.8 inaingia 1.6, na mtu mmoja anapita pakavu.

Karai: Paa si tabu, tabu ni bidhaa. Singapore hiyo hiyo, 1888, zilizuka ghasia manispaa ilipotaka kuondoa vitu vilivyoziba mabaraza. Marufuku haitakusaidia. Wape wenye maduka sentimita 70 upande wa nguzo. Ukutani ndiko pakavu, paachie wapita njia hizo 1.8 zilizobaki. Sakafu iwe ya kimo kimoja mtaa mzima, la sivyo kila mmoja atajinyanyulia yake na kiti cha magurudumu kitakwama mlango wa pili.

Mzizi: Ukitoa mabaraza mawili, zimebaki mita 7: magari 5.5, miti 1.5 upande mmoja. Usichimbe vishimo vya mita 1 kwa 1. Udongo wa pembeni umeshindiliwa, mizizi inakosa hewa, inapanda chini ya vigae na kuvibinua. Chimba mtaro mmoja mrefu, kina mita 1, lami iinamie huko kwa asilimia 2 (tofauti ya sentimita 11), na uweke bomba la kutolea maji ya ziada.

Kipimo: 5.5 si nyingi?

Mzizi: Kwa njia mbili, malori mawili ya mita 2.5 yanapishana kwa taabu, na hiyo taabu ndiyo inayopunguza mwendo. Ukifanya njia moja, 3.5 inatosha, hizo 2 ziende kwenye miti.

Karai: Na kivuko cha waenda kwa miguu, kile cha kuinuliwa juu ya lami, kisizibe maji. Acha upenyo wenye wavu pembeni, la sivyo dimbwi litatuama upande wa juu wa mteremko na watu watavukia kwingine.