Brigham Young: alishika uongozi 1844 au 1847? Na ile mikokoteni ya 1856?

Msomaji_Nakawa
Hamjambo wanajukwaa. Natayarisha somo la dakika 40 juu ya Brigham Young kwa darasa la vijana hapa Kampala, na nimekwama mahali pawili. Kwanza, maandishi mengine yanasema alianza kuliongoza Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka 1844, mengine 1847. Tushike lipi? Pili, anasifiwa sana kwa kupanga safari, lakini mwaka 1856 wahamiaji zaidi ya 200 waliokuwa wakienda Utah walikufa njiani wakivuta mikokoteni. Kosa lilikuwa wapi hasa? Naomba takwimu, maana vijana hawa hawakubali jibu la juujuu.

KalamuYaEntebbe
Shika yote mawili, ila ni vyeo viwili. Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, aliuawa Carthage, Illinois, 27 Juni 1844. Tarehe 8 Agosti waumini walikusanyika Nauvoo, wakasikiliza hoja za Sidney Rigdon, aliyekuwa mshauri katika Urais wa Kwanza (rais wa Kanisa na washauri wake), kisha wakakubali kuongozwa na Akidi, yaani baraza, ya Mitume Kumi na Wawili. Young ndiye aliyekuwa rais wa akidi hiyo. Kwa hiyo alishika usukani, lakini Rais wa Kanisa hakuwa bado. Urais wa Kwanza ulikaa mtupu zaidi ya miaka mitatu, hadi waumini walipomwidhinisha 27 Desemba 1847 huko Kanesville, Iowa.

Jihadhari pia na tarehe 24 Julai 1847. Wengi husema siku hiyo Young aliingia bonde la Salt Lake, Utah, akiwa mbele ya msafara. Sivyo. Alikuwa mgonjwa, amelazwa ndani ya gari la Wilford Woodruff. Mtume Orson Pratt na wenzake walikuwa wametangulia, na tarehe 23 walishaanza kulima na kuelekeza maji ya kijito mashambani.

SpanaMkononi
Ndugu Msomaji, kabla ya 1856 waonyeshe vijana jinsi msafara wa 1847 ulivyopimwa, watapenda. Walitoka Winter Quarters (leo ni Nebraska) wanaume 143, wanawake 3 na watoto 2. William Clayton, karani, alichoka kubishana juu ya umbali. Akapima mzingo wa gurudumu la gari, akapata futi 14.8, akalifunga kitambaa chekundu na kuhesabu mizunguko: 360 kwa maili. Siku nzima macho kwenye gurudumu! Orson Pratt akachora mtambo wa kumpumzisha, na Appleton Harmon akauchonga kwa mbao. Gurudumu likizunguka mara 6, skrubu inazunguka mara 1. Skrubu inasukuma gurudumu la meno 60, kwa hiyo hilo likimaliza mzunguko mmoja, ni maili moja. Nalo linasukuma jingine la meno 30, kila jino maili.

Sasa mikokoteni. Wazo lilikuwa la Young mwenyewe, aliloandika mwaka 1855: mavuno ya Utah yameharibika, mfuko wa kusaidia wahamiaji umekauka, na gari la maksai ni ghali. Mkokoteni mmoja watu 5, kila mtu mzigo wa ratili 17, yaani kilo 7.7, hata nusu debe la mahindi halifiki. Hema moja watu 20. Makundi matatu ya kwanza mwaka ule yalifika salama, la tatu likiingia 2 Oktoba. Kwa hiyo mtu akisema mpango wote ulikuwa wa kipumbavu, mwulize hao walifikaje.

Yaliyoharibika ni makundi mawili ya mwisho, la Willie na la Martin, yaliyoitwa kwa majina ya viongozi wao. Meli zilizowaleta kutoka Ulaya zilichelewa, na walipofika Iowa City mikokoteni haikuwa tayari. Ikaungwa haraka kwa mbao mbichi. Fundi yeyote wa Ndeeba atakwambia kinachofuata: kwenye hewa kavu mbao inasinyaa, spoku zinalegea, gurudumu linapinda. Ekseli nyingi zilikuwa za mti mtupu, vumbi likizisaga kama msasa. Grisi hakuna, wakapaka sabuni na mafuta ya nguruwe, ambayo nayo yalinasa vumbi zaidi. Florence, Nebraska, wakaongezewa gunia la unga la ratili 98 kwa kila mkokoteni, kama kilo 44. Matengenezo yakala siku.

Lakini mbao peke yake haikuua watu. Kundi la Willie liliondoka Florence katikati ya Agosti, la Martin mwishoni mwa mwezi. Levi Savage, mmoja wa kundi la Willie, aliwaonya kwamba wamechelewa, wakampuuza. Theluji ikawakuta Wyoming 19 Oktoba, posho ya unga imeshapunguzwa. Theluji yenyewe si kile cheupe tunachokitazama kwa mbali juu ya Rwenzori. Hii ililalia hema zao.

Young alipata habari 4 Oktoba. Kesho yake mkutanoni akadai nyumbu, madereva 40 na tani 12 za unga, na msafara wa kwanza wa uokoaji ukaondoka tarehe 7. Uokoaji huo anastahili sifa. Mpango usio na tarehe ya mwisho ya kuondoka, hapo sina la kumtetea, hasa kwa mtu aliyekuwa seremala.

DadaWaGulu
Kaka Spana umemaliza. Mimi naongeza moja tu: mwaka 1852 una mambo mawili, na darasa la Kampala litauliza yote. Februari Young alitangaza bungeni Utah kwamba wanaume weusi hawatapewa ukuhani, ingawa Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa ameupokea mwaka 1836. Zuio hilo lilidumu hadi Juni 1978. Agosti ndipo ndoa za wake wengi zilipotangazwa hadharani, na aliyehubiri siku hiyo ni Orson Pratt. Usilifiche la kwanza.

Msomaji_Nakawa
Asanteni sana. Spana, nimejaribu kikokotoo: 14.8 mara 360 inanipa futi 5,328. Maili si 5,280?

SpanaMkononi
Umenikamata. Ni futi 14 na inchi 8, siyo 14.8. Inchi 8 ni theluthi mbili za futi, kwa hiyo 14.667 mara 360 inatoa 5,280 kamili. Ukipima kwa kosa langu, kila maili 1,000 unapotea maili 9.