Naomba ushauri: video za mihadhara, seva zetu au YouTube?

Wenzangu, hamjambo. Niko idara ya TEHAMA katika chuo kikuu kimoja hapa Kisumu, na nimepewa kazi ya kuandaa mpango wa video wa miaka 5 ijayo. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, somo la saa moja hula karibu megabaiti 900. Kumbi zikirekodi kutwa, diski zitajaa muhula haujaisha. Kero nyingine ni stima, ikipotea katikati ya somo faili huharibika. Wakubwa wanataka tupakie kila kitu YouTube kwa sababu ni bure (bure yao hiyo!). Mimi naegemea Opencast (programu huria ya kurekodi na kusimamia video za mihadhara) kwenye seva zetu, ila nani atazitunza? Na wanafunzi wanaotegemea bando, tuwawekee sauti pekee? Waliopitia haya, nishaurini, hasa kuhusu rekodi za zamani: mnazifuta baada ya muda gani?