Wauza besi za zamani, acheni kutubandikia majina ya mbao!

Wakuu, nimechoka. Hawa wanaotuuzia magitaa ya besi "ya zamani, ya mkono, mbao adimu" wanatuibia mchana kweupe, na wengi wetu tunanyamaza.

Besi niliyouziwa ilinadiwa hivi: kazi ya mkono ya fundi mmoja, mwaka 1974, mwili wa mahogani mtupu, shingo ya mepo na papohati (mti wa zambarau) inayopita moja kwa moja hadi mwisho wa mwili, ubao wa vidole wa mpingo. Nimeifungua. Ile mistari ya zambarau mgongoni mwa shingo inafika kwenye kisigino, pale shingo inapokutana na mwili, na kuishia hapo hapo. Shingo imebandikwa kwa gundi! Mwili nao, nyuzinyuzi za mti unazoziona juu hazishuki ubavuni, wakati ubao mzima hauwezi kuzificha kwenye ncha. Tundu la pikapu, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, limepakwa rangi nyeusi. Nimekwangua kidogo, plaiwudi, tabaka juu ya tabaka. Na huo "mpingo" nimeupitisha kitambaa chenye spiriti, kikatoka cheusi, chini yake mti wa rangi ya mchanga.

Mwaka je? Poti, yaani vidhibiti vya sauti vilivyo chini ya nobu, zina namba mgongoni: 1378119. 137 ni CTS, kampuni iliyozitengeneza, 81 ni mwaka, 19 ni wiki. Lehemu haijaguswa, yaani hazikubadilishwa. Besi ya 1974 ilizipataje poti za 1981?

Nimemuuliza muuzaji, anajibu kwamba cha muhimu ni sauti. Basi kwa nini alinitoza bei ya mbao? Mimi siamini kwamba kila kitu kinatoka kwenye mti. Kwenye besi ya umeme, pikapu, mahali ilipofungwa na aina ya nyuzi vina usemi mkubwa kuliko mwili. Lakini shingo usiifanyie mzaha. Vipande vya mbao ngumu vilivyogandishwa pamoja havipindi ovyo na vinashikilia noti. Shingo legevu inaimeza, na kila mpiga besi anaijua ile sehemu ya uzi wa G, kuanzia freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya tano hadi ya saba, ambako noti hufa mapema. Nililipia shingo inayopita hadi mwisho wa mwili, sikuipata.

Halafu wanatumia historia ya watu. Mtengenezaji wa Marekani, Leo Fender, alitoa besi yake ya Precision mwaka 1951 kwa eshi na mepo, mbao za kawaida kabisa, olda ikafuata baadaye. Kwenye besi, shingo ya kupita mwilini ilikuja na Rickenbacker 4000 mwaka 1957. Kampuni ya Alembic, walioanza 1969 kule California wakiihudumia bendi ya Grateful Dead, ndio walioifanya besi kazi ya useremala wa hali ya juu, mbao zikichaguliwa moja moja. Leo mtu anabandika vinia, ubao mwembamba kama karatasi, juu ya plaiwudi na kujiweka kundi moja nao!

Wapo pia wanaotangaza rozwudi ya Brazili bila karatasi yoyote. Mti huo uko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992. Ukivuka nayo mpaka bila kibali, gitaa linaweza kutaifishwa, na hasara ni yako, si yake.

Anayeuza aweke picha ya ndani ya tundu la pikapu, ncha ya mwili na namba za poti. Asiyetaka, tusimnunulie. Na wewe uliyeniuzia, najua unasoma humu: besi yako iko ndani ya kasha lake, rudisha hela yangu.