Tulichangia kituo cha michezo cha vijana, kanisa likatufungulia ukumbi wa harusi

Wanajamvi, naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili. Jambo lenyewe nimelinyamazia kwa zaidi ya mwaka mmoja nikiamini kwamba litarekebishwa ndani kwa ndani, na sasa ninaona wazi kuwa ukimya wa watu kama mimi ndio uliowapa wahusika ujasiri wa kuendelea. Sitautaja usharika wala kiongozi yeyote kwa jina. Ninachotaka kusema ni hiki: wananchi maskini walichangishwa fedha kwa jina la vijana, vijana wakaondolewa, na hakuna aliyerudi kwa wachangiaji kuwaomba ruhusa wala radhi.

Nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu, jumuiya ya kaya 22 pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Ilipotangazwa ibadani kwamba kanisa litajenga kituo cha michezo na burudani kwa ajili ya vijana wa mtaa mzima, wawe waumini wetu au wasiwe, ni mimi niliyepita nyumba kwa nyumba nikiwa na daftari la ahadi. Nilipewa maelezo ya kuwaeleza watu, nami niliwaeleza neno kwa neno: kutakuwa na uwanja wa kikapu wa saruji, ukumbi wenye meza za mpira wa meza, chumba cha kusomea chenye taa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari ambao nyumbani kwao hakuna pa kukaa na daftari, pamoja na vyoo vya kueleweka. Mchoro wa jengo ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa kanisa, na juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: KITUO CHA VIJANA.

Nataka msomaji ajue fedha ile ilitoka wapi. Mama mmoja anayeuza maandazi aliahidi mfuko mmoja wa saruji, akaulipa kwa shilingi mia tano mia tano, na kila nilipopokea nilimwandikia tarehe mbele ya macho yake kwa sababu alitaka kuiona. Mwendesha bodaboda mmoja ambaye ni Mwislamu alichanga mara mbili, akisema kwamba wadogo zake nao watacheza pale. Katika sadaka ya mavuno, jogoo mmoja aliuzwa mara nne asubuhi moja, kila aliyemnunua akimrudisha mnadani ili kapu la ujenzi lijae. Vijana wenyewe hawakuwa na fedha, kwa hiyo walisomba mchanga na maji kila Jumamosi hadi msingi ukajaa.

Tena vijana hao walitoa kitu kikubwa kuliko sisi sote. Mahali palipojengwa kituo palikuwa kiwanja cha vumbi ambapo walikuwa wakicheza chandimu tangu mimi nahamia mtaa huu. Eneo ni la kanisa, hilo halina ubishi, lakini waliondoka bila kelele kwa kuwa waliahidiwa kwamba watarudi mahali bora zaidi. Leo hawana kiwanja cha vumbi wala hicho kilicho bora.

Kituo kilipofunguliwa, watoto walicheza kwa takriban miezi mitatu. Kisha ikaombwa sherehe moja ya kumuaga binti wa muumini, na sote tukaona ni jambo la heri. Ikafuata ya pili, ikafuata ya kipaimara, halafu likawekwa bango getini lenye namba ya simu na maneno “Ukumbi unakodishwa”. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka mno. Vijana waliambiwa wasije Ijumaa kwa sababu ya mapambo, wasije Jumamosi kwa sababu ya sherehe, wasije Jumapili kwa sababu ya usafi, na hatimaye mlinzi akaagizwa asimfungulie kijana yeyote asiye na barua ya mzee wa kanisa. Kijana wa miaka 15 anayetaka kurusha mpira kwa nusu saa ataitoa wapi barua hiyo, hasa ikiwa yeye si wa kanisa letu?

Alhamisi iliyopita niliingia mwenyewe kuangalia, maana sikutaka kuandika habari za kusikia. Uwanja wa kikapu umekuwa maegesho ya magari. Nguzo ya goli imekatwa usawa wa kifundo cha mguu, na tundu lake limezibwa kwa saruji ili lisiharibu matairi ya wageni. Chumba cha kusomea kimejaa viti vya plastiki vilivyopangwa hadi karibu na dari. Meza ya mpira wa meza ipo, lakini imefunikwa kitambaa cheupe na juu yake yamepangwa masufuria ya kupakulia chakula cha wageni. Nilipoinua kitambaa nilikuta vishikizo vya wavu bado vimekazwa pande zote mbili, na kimoja kimetafuna kitambaa kikatoboka. Nilisimama pale nikamkumbuka yule mama wa maandazi, nikaona aibu ambayo sijui nani mwingine katika usharika huu anaiona.

Nilipouliza, nilipewa sababu tatu. Ya kwanza ni gharama: umeme, maji na mshahara wa mlinzi. Hii ninaielewa, wala sipingi ukumbi kukodishwa siku moja kwa wiki ili kituo kijiendeshe. Lakini kama ukodishaji ni kwa ajili ya kukiendesha kituo, basi tusomewe mapato na matumizi yake. Tangu bango lile liwekwe hatujasomewa hesabu hata mara moja, ilhali sadaka ya bahasha husomwa kila Jumapili. Nani anapokea fedha za ukumbi? Zinaingia akaunti gani? Na kwa nini fedha hizo, ambazo zilipaswa kuwasha taa ya chumba cha kusomea, zimeshindwa kuwasha taa hiyo hata jioni moja?

Sababu ya pili ni kelele za vijana. Haya yanasemwa na watu wanaoruhusu muziki wa harusi uvume hadi usiku wa manane huku majirani wakishindwa kulala. Ningewaomba wazee wetu wasome habari za padri Giovanni Bosco wa Torino, Italia, ambaye tunamfahamu kwa jina la Don Bosco. Katika miaka ya 1840 alikuwa akikusanya vijana wa mitaani siku za Jumapili ili wacheze, wasome na wasali, na alifukuzwa mahali pamoja baada ya pengine kwa sababu hii hii ya kelele, hadi alipopata banda la kukodi huko Valdocco mwaka 1846. Yeye alihama pamoja na vijana wake. Hakuwahamisha vijana ili abaki na banda. Matunda ya msimamo ule tunayaona hapa hapa jijini, kwa kuwa mpenzi yeyote wa kikapu Dar es Salaam anaujua uwanja wa Don Bosco pale Upanga na jinsi vijana wa kila dini walivyokulia hapo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonikera kuliko zote. Mzee mmoja aliniambia kwamba michezo si kazi ya kanisa. Mzee wangu, kikapu chenyewe kilibuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika chuo cha YMCA, yaani chama cha vijana wa Kikristo, huko Springfield nchini Marekani. Na hata kama michezo isingekuwa kazi ya kanisa, swali lingebaki palepale: kwa nini mlituchangisha?

Vijana hawakutoweka kwa sababu geti limefungwa. Wengine ninawaona kwenye kibanda cha kubeti kilicho mita chache kutoka kanisani, wameinamia mikeka yao tangu saa nne asubuhi. Mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu, huja kusomea kwenye benchi la duka langu kwa kuwa taa yangu huwaka hadi saa nne usiku. Nikifunga, naye hufunga daftari na kuondoka. Umbali kutoka benchi lile hadi chumba kilichojengwa kwa ajili yake, ambacho kimejaa viti, hauzidi dakika tano kwa mguu.

Mali ya kanisa iko mikononi mwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi, na mdhamini hutunza mali kwa niaba ya wengine, haimiliki kwa raha zake. Kwa hiyo ninachodai si fadhila. Goli lirudishwe. Chumba cha kusomea kitolewe viti na kifunguliwe kila jioni, barua za ruhusa zikome, na hesabu za ukumbi tangu siku ya kwanza zisomwe mbele ya waumini. Kama uongozi unaona kwamba haya hayawezekani, basi usimame madhabahuni na kuwatangazia wachangiaji kwamba matumizi ya jengo yamebadilishwa, na kila anayetaka mchango wake arudishiwe. Daftari langu ninalo, limehifadhiwa vizuri, na majina na kiasi cha kila mmoja vimo.

Mkutano mkuu wa usharika ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Nimeambiwa kwamba ajenda imekwisha kupangwa na kwamba suala la kituo halimo. Kwa mwenye uzoefu wa mambo ya katiba za makanisa, naomba anielekeze: je, muumini wa kawaida anaweza kuingiza hoja siku ya mkutano, au ni lazima iandikwe mapema na isainiwe na idadi fulani ya waumini? Saini za kaya 17 kati ya zile 22 nimekwisha kuzikusanya.